Kona ya Mwalimu: Nani Mkarimu Zaidi? Tumerudi Kuhesabu Upya

Huku shuleni tunaendelea vizuri, ila chaki zinakaribia kuisha na upepo umeng'oa turubai la darasa la tano. Hayo tuyaache kwanza, maana mwezi huu tuna deni kwenu na ni lazima tulilipe.

Mwezi uliopita kwenye kona hii hii tuliandika kwamba nchi yenye ukarimu kuliko zote duniani ni Marekani, kwa sababu kwa miaka mingi ndiyo iliyotoa pesa nyingi kuliko wengine. Ilikuwa mistari miwili tu, tukadhani mambo yameisha. Kumbe tulikuwa tumewasha moto.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kipindi cha hesabu, darasa la sita. Tuliweka mezani kopo la mafuta, yale ya bati yenye maandishi ya Kiingereza, tukitaka kufundisha ujazo. Mnayajua, wengi wenu mmeyapasua mkatengeneza milango. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, baba anasema hao watu walikuwa wanatupenda, sasa hawatupendi tena, ndiyo maana mgao umepungua." Wa nyuma yake akamrukia, "Siyo kweli! Wanaotupenda ni wa Ulaya. Blanketi letu limetoka kwao." Wa tatu akamaliza kabisa, "Hakuna anayetupenda. Mama anasema wote ni siasa zao tu." Basi kelele, wawili wakashikana mashati, na hesabu ikaishia hapo.

Jioni akaja mzee mmoja jirani wa shule, kati ya wale waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Gazeti letu alilikunja mfukoni. Akasema, "Ninyi wajukuu zangu mnafundisha hesabu, lakini hapa hesabu mmekosa. Niwaulize: mwenye magunia kumi akitoa debe moja, na mwenye debe moja akitoa nusu debe, nani ametoa?" Tuliona aibu. Tukamwomba radhi na tukamwahidi kwamba tutarudi kuhesabu upya. Leo tunaleta majibu. Tumesoma, tumeulizana, tumekaa kwenye kompyuta za kituo cha vijana mpaka zamu zetu zikaisha. Wazazi, kaeni na kalamu.

HESABU YA KWANZA: FUNGU KUBWA

Kuna umoja wa nchi wafadhili, uko chini ya shirika linaloitwa OECD, makao yake Paris, Ufaransa. Kila mwaka wanahesabu kila nchi mwanachama imetoa kiasi gani kusaidia nchi maskini. Mwaka 2024 wote kwa pamoja walitoa dola bilioni 212 hivi. Bilioni moja ni milioni elfu moja, kwa hiyo msijaribu kuhesabu kwa vidole.

Waliotoa fungu kubwa mwaka huo walikuwa hawa watano: Marekani, dola bilioni 63 na kidogo, Ujerumani, bilioni 32 na kidogo, Uingereza, bilioni 18, Japani, karibu bilioni 17, na Ufaransa, bilioni 15 na kidogo. Kwa hiyo mistari yetu miwili ya mwezi uliopita ilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 2024, ukipanga mafungu kwa ukubwa, la Marekani lilikuwa karibu mara mbili ya lile la pili. Shirika la chakula la WFP, ambalo wazee wetu wa Kongo wanaliita PAM, mwaka huo lilipata karibu nusu ya pesa zake kutoka nchi hiyo moja. Anayekula ugali hapa asidharau jambo hilo.

Ila mzee alikuwa anauliza habari ya debe. Twende huko.

HESABU YA PILI: KATIKA KILA SHILINGI 1,000

Ukitaka kujua mtu ametoa kweli, unaangalia alichotoa na alichonacho. Kwa nchi, wataalamu wanachukua mapato yote ya nchi kwa mwaka, halafu wanauliza msaada ni sehemu gani ya mapato hayo. Wao wanaandika kwa asilimia. Sisi tumegeuza kuwa shilingi, ili hata mama muuza mboga aone mara moja.

Mwaka 2024, katika kila shilingi 1,000 ambazo nchi iliingiza, ilitoa hivi:

Norwe, shilingi 10 na senti 20.
Luxembourg, shilingi 10.
Uswidi, karibu shilingi 8.
Denmark, shilingi 7 na senti 10.
Ujerumani, shilingi 6 na senti 70.
Uingereza, shilingi 5.
Ufaransa, karibu shilingi 5.
Japani, karibu shilingi 4.
Marekani, shilingi 2 na senti 20.

Mmeona? Waliokuwa juu wameshuka, na waliokuwa hawatajwi wamepanda. Luxembourg ni nchi ndogo sana, hata kwenye ramani ya ukutani ya shule yetu kidole kinaifunika. Norwe ina watu milioni tano na nusu hivi, na Marekani ina watu kama milioni 340. Ukigawa msaada wa mwaka ule kwa kila kichwa, Mnorwe mmoja alitoa zaidi ya dola 900, na Mmarekani mmoja karibu dola 190.

Sasa, kipimo cha kusema "umefika" au "hujafika" kilitoka wapi? Mwaka 1969 kulikuwa na tume iliyoongozwa na Lester Pearson, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kanada. Tume ile ilipendekeza nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya mapato yao, yaani shilingi 7 katika kila 1,000. Tarehe 24 Oktoba 1970 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ukalipitisha kama lengo, na nchi zilitakiwa zijitahidi kulifikia kufikia katikati ya miaka ya sabini. Uswidi ilifika mwaka 1974, Uholanzi 1975, halafu Norwe na Denmark miaka michache baadaye. Uingereza ilifika mwaka 2013, ikaweka hata sheria mwaka 2015, kisha mwaka 2021 ikashuka mpaka shilingi 5. Marekani haijafika hata mara moja tangu lengo lile liwekwe. Kanada, nchi ya huyo huyo Pearson, nayo haijafika. Mwaka 2024 waliofika walikuwa wanne tu, wale wa kwanza kwenye orodha yetu. Ukiwachanganya wafadhili wote wa ule umoja pamoja, wastani wa mwaka huo ulikuwa shilingi 3 na senti 30. Hata nusu ya ahadi haifiki.

Na tusisahau wengine ambao si wanachama wa ule umoja. Falme za Kiarabu mwaka 2013 zilitoa zaidi ya shilingi 12 katika kila 1,000, zikawapita Wazungu wote. Kuwait ilianzisha mfuko wake wa kusaidia nchi nyingine mwaka 1961, mwaka ule ule ilipopata uhuru.

HESABU YA TATU: FUNGUA GUNIA, ANGALIA NDANI

Mama mwenye akili akipokea gunia analifungua kwanza. Na sisi tumefungua. Tumekuta mambo matatu.

La kwanza, kuna msaada na kuna mkopo. Japani na Ufaransa sehemu kubwa ya wanachotoa ni mikopo ya riba nafuu. Mkopo unaweza kujenga barabara nzuri, hatukatai, lakini lazima urudishwe. Jirani akikupa kikombe cha chumvi na akikukopesha kikombe cha chumvi, hizo ni habari mbili tofauti.

La pili, kuna msaada wenye kamba. Marekani ilianza mpango wake mkubwa wa chakula kwa sheria ya mwaka 1954. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya chakula hicho ilitakiwa inunuliwe kwa wakulima wao wenyewe, na angalau nusu isafirishwe kwa meli zenye bendera yao. Mkulima wao anapata soko, mwenye meli anapata kazi, na mwenye njaa anapata chakula, ila anakipata baada ya miezi na kwa gharama kubwa. Uingereza ilikata kamba za namna hiyo mwaka 2001. Kanada nayo mwaka 2008 iliruhusu chakula chake cha msaada kinunuliwe popote.

La tatu litawashangaza. Nchi tajiri ikipokea wakimbizi nchini kwake, pesa inazotumia kuwapa malazi na chakula kwa mwaka wa kwanza zinaruhusiwa kuhesabiwa kama msaada wa nje, wakati hazijatoka hata nje ya mji mkuu wao. Mwaka 2024 pesa za namna hiyo zilifika dola karibu bilioni 28, yaani zaidi ya dola 13 katika kila 100 za msaada wote. Hatusemi ni vibaya kuwalisha. Mkimbizi wa Ukraine aliyelala Berlin ni ndugu yetu katika shida. Tunasema tu kwamba ukisikia msaada umepanda, uulize umepandia wapi.

HESABU YA NNE: WANAOTOA BILA KUANDIKWA

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, maana hesabu hii haina daftari moja.

Wa kwanza ni wenyeji. UNHCR, au HCR kama tunavyosema hapa, imehesabu kwamba mwisho wa mwaka 2024, katika kila wakimbizi 100 duniani, 73 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na 67 walikuwa kwa majirani wa nchi walizokimbia. Uganda peke yake ilikuwa na watu milioni 1.8, zaidi ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na pale mkimbizi hupewa kipande cha kulima. Tanzania mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, ilipokea watu karibu 250,000 kutoka Rwanda kupitia daraja la Rusumo ndani ya saa 24 tu. Fikiria wilaya ya Ngara siku ile: visima vyake, kuni zake, migomba yake. Na mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, wengi wao wa mwaka 1972 na watoto waliozaliwa baadaye. Msitu uliokatwa kuni na kisima kilichokauka vingetakiwa kuandikwa kwenye orodha ya msaada, lakini orodha ya Paris haina safu ya kuni.

Hatusemi kuishi ugenini ni asali kila siku. Mnayajua na sisi tunayajua. Ila haki ni haki: aliyekuwa na kidogo alifungua mlango, na aliyekuwa na kingi mara nyingi alituma pesa ili mlango uwe mbali na kwake.

Wa pili ni ndugu zetu wenyewe. Benki ya Dunia ilihesabu kwamba mwaka 2023 watu walioko nje walituma nyumbani, kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya dola bilioni 650. Hiyo ni karibu mara tatu ya msaada wote wa serikali zile tajiri mwaka ule. Dada anayefagia hoteli usiku, kaka anayekata nyama kiwandani, anatoa dola 50 anakutumia kwa simu. Hakuna anayempigia makofi, na hana bendera ya kubandika kwenye gunia.

Wa tatu ni watu wa kawaida. Kuna shirika la Uingereza, Charities Aid Foundation, ambalo limekuwa likipanga nchi kwa maswali matatu rahisi: mwezi uliopita, je, ulimsaidia mtu usiyemjua? Ulitoa pesa kwa kazi ya hisani? Ulijitolea muda wako? Kwenye ripoti ya mwaka 2024 ya kwanza ilikuwa Indonesia, kama ilivyokuwa tangu 2018. Ya pili ilikuwa Kenya. Miaka ya 2014 mpaka 2017 iliyoongoza au kugawana uongozi ilikuwa Myanmar, nchi ambayo yenyewe imetoa wakimbizi wengi sana. Tajiri na mkarimu si lazima walale nyumba moja.

Na Wakenya tunawajua. Wamasai wa kijiji cha Enoosaen walipopata habari kamili ya watu waliokufa New York tarehe 11 Septemba 2001, walikaa kikao. Mwezi Juni 2002 wakamwita mwakilishi wa ubalozi wa Marekani, wakamkabidhi ng'ombe 14 kama rambirambi. Ng'ombe kwa Mmasai ndiyo benki yake. Ng'ombe wale hawakupandishwa meli, walibaki pale pale wakitunzwa kwa jina la Wamarekani. Kwa hiyo kuna mwaka ambao nchi tajiri kuliko zote ilipokea msaada kutoka kwa wachungaji.

Hadithi moja zaidi, halafu tunaendelea. Wachoktaw ni Wahindi Wekundu waliofukuzwa kwenye ardhi yao miaka ya 1830, wakatembezwa kwa miguu mamia ya maili mpaka Oklahoma, na wengi walikufa njiani. Mwaka 1847, hawajakaa vizuri bado, wakasikia kwamba mbali ng'ambo ya bahari watu wa Ireland wanakufa kwa njaa kwa sababu viazi vimeoza. Wakachanga dola 170. Ireland haijasahau. Mwaka 2017 ilizinduliwa sanamu ya chuma ya manyoya ya tai katika mji wa Midleton kuwashukuru. Mwaka 2020, wakati wa korona, Waireland wengi walichangia makabila ya Navajo na Hopi kule Marekani, wakisema wanarudisha wema wa Wachoktaw. Waliotoa mwaka 1847 walikuwa wakimbizi kama sisi.

SWALI LA YULE MTOTO

Turudi kwa mtoto wa darasa la sita, maana alituuliza swali na hatukumjibu. Je, mgao ukipungua ni kwa sababu hawatupendi?

Mwanetu, sikiliza. WFP na HCR hawana shamba wala hawatozi kodi. Karibu kila wanacholeta kimetokana na michango ya hiari, na inayochangia zaidi ni serikali. Serikali inapanga bajeti, na bajeti inafuata kura. Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Tarehe 1 Julai 2025 lile shirika lao la misaada, USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, likafungwa na kazi zilizobaki zikapelekwa wizara ya mambo ya nje. Uingereza nayo mwezi Februari 2025 ilitangaza kwamba itashuka mpaka shilingi 3 katika 1,000 ifikapo mwaka 2027, ili iongeze pesa za jeshi. Hao wote walioamua hawajui jina lako wala la baba yako. Hawakukuchukia. Na wakati ule makopo yalipokuwa mengi, hawakuwa wamekupenda wewe pia. Walikuwa na sababu zao, nzuri na mbaya zikiwa zimechanganyika.

Na jambo hili nalo ulijue: wananchi wa Marekani walipoulizwa mara kwa mara kwenye kura za maoni, walikisia kwamba serikali yao inatumia kama robo ya bajeti kusaidia nchi nyingine. Ukweli ulikuwa karibu asilimia 1. Mtu anayedhani ametoa robo ya gunia lazima aone amechoka kutoa. Huenda angetoa bila kinyongo kama angejua ametoa kikombe.

Kwa hiyo mgao haupimi thamani yako. Mgao ukiwa kilo 12 wewe ni mtoto wa watu, na ukiwa kilo 6 wewe ni mtoto wa watu.

Na waliopokea huwa watoaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya yenyewe ilikuwa imejaa wakimbizi. HCR iliundwa Desemba 1950 kwa ajili yao. Marekani iliipa Ulaya Magharibi msaada wa dola kama bilioni 13 kati ya mwaka 1948 na 1952, na Ujerumani ilikuwa kati ya waliopokea. Leo Ujerumani mmeiona kwenye orodha. Korea Kusini ilikuwa inalishwa kwa misaada baada ya vita vyake, na mwaka 2010 ikaingia kwenye ule umoja wa wafadhili. Siku hizi mchele wake unagawiwa kwenye kambi za wengine.

KIKOMBE CHA UNGA

Baada ya hesabu zote hizi tulirudi darasani na mizani ya kuazima. Tuliwaambia watoto: tuchukue familia ya watu watano inayopata kilo 30 za unga kwa mwezi. Lile lengo la mwaka 1970, shilingi 7 katika 1,000, kwa unga ni gramu 7 katika kila kilo. Kilo 30 mara 7, gramu 210. Tukapima. Ilikuwa kikombe kimoja cha bati, kile cha kunywea uji.

Darasa likanyamaza. Halafu yule wa blanketi akasema, "Mwalimu, mbona hicho ndicho mama anachotoa?"

Ni kweli, na hatukuwa tumekumbuka. Mnajua kwamba familia zilizofika karibuni bado zinasubiri kuandikishwa, hazina kadi. Kwenye mtaa mmoja wa kambi yetu akina mama walikubaliana tangu mwanzo wa mvua: siku ya mgao kila nyumba inayoweza inamimina kikombe kimoja kwenye ndoo, na ndoo inapelekwa kwa wageni. Hakuna aliyewafundisha habari ya Pearson wala Umoja wa Mataifa. Nchi tajiri duniani zilizofika kipimo kile mwaka 2024 ni nne. Mtaa ule umefika, kwa mgao uliopunguzwa.

Tuseme ukweli wote, maana gazeti hili ni la familia. Kuna nyumba zilizokataa, na maneno makali yamesemwa bombani. Hata sisi walimu hatukuelewana. Mwenzetu mmoja alisema kwamba mwenye njaa hawezi kudaiwa ukarimu, na kwamba tukijizoesha kulishana wenyewe, waliokuwa na wajibu watasema basi, wameweza. Tulibishana naye mpaka taa ikaisha mafuta, na hatuwezi kusema amekosea yote. Kulisha wageni ni kazi ya wenye uwezo, na tuendelee kuwadai kwa adabu, kupitia viongozi wetu wa mitaa na mikutano ya kila mwezi. Na mama mwenye mgonjwa, au anayelea yatima sita peke yake, asitoe kitu na asisemwe. Yeye ndiye wa kupelekewa ndoo.

Yule mzee tulimsomea ukurasa huu kabla haujachapishwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa mmehesabu." Kisha akauliza ndoo ya mtaa wake inapita siku gani.

Wale wawili walioshikana mashati tumewapa kazi ya kubeba mizani kuirudisha. Wameirudisha salama.

SWALI LA MWEZI HUU, LA KUFANYA NYUMBANI

Watoto, ulizeni wazee wenu: siku mliyovuka mpaka, nani alikuwa mtu wa kwanza kuwapa kitu, na alikuwa na nini yeye mwenyewe? Andikeni mistari mitano, mlete shuleni kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Majibu matatu mazuri tutayaweka hapa, bila majina kwa wasiopenda.

Na mkikuta tumekosea tena hesabu, njooni kama alivyokuja mzee. Mungu akitujalia, tukutane mwezi ujao.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.